Kamba ya Kipimo cha Pazia

Kaka yangu alitupa siku hiyo moja tu: mimi na mkewe tuifunge boti ya marehemu baba gatini, sisi wenyewe, na yeye akitoka kazini aikute salama. La sivyo, anauza. Mnunuzi alishapatikana.

"Mafundi wa mapazia mtajua nini kuhusu boti?" alituuliza. Jamani, nilichemka!

Dukani wifi aliikimbilia kamba yenye nyuzi nyekundu. "Hii inaoana na tanga!"

"Tunafunga boti, wifi, hatuipeleki harusini." Nikamwomba muuzaji ya nailoni, nikaikanyaga upande mmoja na kuivuta kwa nguvu zote. Ikanyumbuka. Hiyo ndiyo niliyoitaka: wimbi likivuta, kamba ikubali kidogo, isikatike.

Gatini maji yalikuwa yamejaa karibu na ukingo. Pale ambapo kamba ingesuguana na ubao tuliivisha kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Wifi akavua futi shingoni, akapima toka pete ya ukutani mpaka puani mwa boti, nami nikakata. Ikakaa sawasawa, haijalegea hata kidogo. Tukagongesha viganja kwa furaha, tukarudi kwenye cherehani zetu.

Alasiri tuliposhuka tena, Mungu wangu! Maji yalikuwa yamekupwa, na boti inaning'inia kwa pua, nyuma imezama, maji yanaanza kuingia. Wajinga sisi! Mafundi wazima tumekata kamba kwa kipimo cha pazia, kana kwamba bahari nayo ni dirisha.

"Fundo halifunguki!" nilipiga kelele.

Wifi hakungoja. Akateremka ngazi ya ukutani, akajitupa ndani. "Kata!"

Nikakata. Boti ikaanguka, chubwi! Ikayumba, ikatulia, kisha ikaanza kuondoka zake na wifi ndani. Tanga lile alilishona kwa mikono yake, lakini hajawahi kulipandisha hata siku moja.

"Pandisha!" Mimi baba alinifundisha, basi nikakimbia ukingoni nikipayuka kama mwendawazimu. "Vuta hiyo kamba ya kulia! Usukani, wifi, shika usukani!"

Tanga likapanda, likajaa upepo. Boti ikainama ubavu, ikashika mwendo. Lo! Niliruka juu kama mtoto.

"Mke wangu yuko wapi?" Kaka alikuwa nyuma yangu, anahema.

Nilimwonyesha kwa kidole. Akasogea ukingoni. Wifi alikuwa anageuza sasa, anarudi kwetu, kalowa chapachapa, anacheka mpaka tunamsikia.

Kaka akatoa simu. Nikajua boti imeuzwa.

"Ndugu yangu, samahani," alimwambia mnunuzi, macho hayabanduki kwenye tanga. "Ile boti nilikosea. Kumbe ina wenyewe."