Herufi ya Mama Kham

Katika miaka yake yote ya ualimu mkuu huko Kirinyaga, Mzee Alfayo Mugo hakuwahi kuruhusu ukurasa mchafu utoke mikononi mwake, na uzee wa Birmingham haukumlegeza. Asubuhi ile, katika ofisi ya kanisa lao pale Newtown, alipewa ratiba ya mazishi ya Mama Kham aipitie kwenye kompyuta kabla haijachapishwa. Juu ya jina la marehemu akaona kisanduku kitupu. Akakifuta, akahifadhi, akafunga.

"Guka, kile kiboksi kiko wapi?" Mjukuu wake Charity, mtengenezaji wa programu za kompyuta, alikuwa ameingia na kompyuta yake kwapani.

"Ule uchafu? Nimeusafisha."

"Umeidelete! Guka, ile ni herufi yake!"

"Zungumza lugha moja, mtoto. Herufi gani isiyo na umbo?"

Charity akavuta kiti, akamweleza. Mama Kham, yule Mlao kutoka Laos aliyewashonea wanakwaya majoho, alijua kuandika herufi moja tu, ya mwanzo wa jina lake, kwa mwandiko wa kwao. Mumewe, Bwana Bounmy, hakuomba kingine ila herufi hiyo isimame juu ya jina. Aliituma kwa simu kwa Mama Léocadie, mwandishi wa kanisa. Mama huyo sasa alikuwa zamu hospitalini, simu yake imefungiwa kabatini. Kompyuta kuukuu ya kanisa haikuwa na umbo la herufi ile, ndiyo maana ikaonyesha kisanduku.

"Basi mpigie Bwana Bounmy aitume tena."

"Yuko njiani anakuja kuchukua ratiba. Nimwambie nini? Kwamba umemfuta mkewe?"

Mzee Mugo akainuka, akaenda kwenye kabati la majoho, akageuza kola ya la kwanza. Alama ya Mama Kham, ile herufi yake moja, ilikuwepo, kwa uzi mwekundu. Ni yeye aliyekuwa akimgombeza mama wa watu kwa kutia alama zake kwenye mali ya kanisa.

Charity akafungua jedwali kwenye kompyuta yake. Herufi za Kilao zilijipanga safu kwa safu, na Mzee Mugo, joho likiwa magotini, akazipitia kama anayesahihisha mtihani.

"Hii."

"Una hakika? Ile pale inafanana nayo."

"Nimesahihisha miandiko tangu kabla baba yako hajazaliwa. Tazama kitanzi chake. Ni hii."

"Haya, 0E84." Charity akaifungua ratiba kwenye kompyuta yake, akaandika juu ya jina sifuri, E, nane, nne, akabonyeza kitufe. Tarakimu zikatoweka. Mahali pake ikasimama herufi:

ຄ

Mzee akainamia skrini. "Umeitoa wapi?"

"Sijaitoa popote, Guka. Kila herufi imepewa namba yake. Ukiiandika kule Laos, ukaifungua hapa, ni ileile. Na namba hiyo haitapewa herufi nyingine kamwe."

"Hata zetu za Kikuyu?"

"Hata *ĩ* na *ũ*."

Mzee Mugo akaikumbuka taipureta ya shule, ambayo haikuzijua herufi hizo, na jinsi alivyozitia vikofia kwa kalamu, moja moja, ukurasa baada ya ukurasa. Kumbe kuna watu walioketi wakaita majina ya herufi za dunia, wasimruke hata mtoto wa nyuma kabisa darasani! Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Herufi ilikuwa pale pale.

Bwana Bounmy alipoingia, Mzee Mugo alisimama, akampa ratiba ikiwa bado na joto la mashine.

"Herufi hii niliifuta, ndugu yangu, nikidhani ni uchafu. Mkeo mwenyewe ndiye aliyetuonyesha tena." Akamgeuzia kola.

Bwana Bounmy akagusa uzi, kisha karatasi, kisha uzi. Mabega yakamtikisika; walidhani analia, kumbe anacheka na machozi yanamtoka.

"Aliniambia kuna mzee mmoja mkali anayegombana na kola zake."

"Ndiye mimi," akasema Mzee Mugo, naye hakuketi mpaka mgeni alipomaliza kuitazama ile herufi.