Kalamu za Sikukuu

Sikukuu ilikuwa imekaribia, na Bi Ulimi alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, akifunga maboksi matupu ya dawa kwa karatasi za kung'aa na kukata selotepu kwa meno. Daktari wa meno wa chumba cha jirani alikuwa amemkataza mara nyingi kufanya hivyo, naye alikuwa ameahidi mara nyingi kuacha.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya kituo cha afya, na dirisha lake lilitazama daraja. Humo aliwafundisha kutamka watoto wenye ndimi nzito, na watoto hao ndio waliompa jina. Sikukuu ilipokaribia alibadili mazoezi. Waliokosa "p" na "f" walipuliza mishumaa. Wenye pumzi fupi walitikisa nyota za karatasi zilizoning'inia kwenye uzi. Waliobaki walipewa maboksi ya zawadi. Juu ya kila boksi alibandika picha. Mtoto aliitaja picha, kisha akafungua.

Maboksi hayo yalikuwa na tabia moja: yalitoa kilichotamkwa, si kilichochorwa. Mtoto mwenye kigugumizi alitaja ba-ba-baluni akatoka na baluni tatu, wenzake wakamwonea kijicho. Mwingine, pengo mbele, alitaka soksi akasema "thokthi," kikatoka kitu laini, cha kijivu, chenye harufu ya mvua, ambacho hakuna aliyejua kazi yake. Kiliwekwa juu ya kabati. Mfagiaji alikipangusa kila alipopangusa kabati.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Chiriku, ambaye mama yake alikuwa fundi cherehani. Mtoto huyo aliongea tangu mlangoni hadi mlangoni, ndiyo maana akaitwa hivyo, ingawa mwenyewe alijiita Chiliku. Hakuwa na "r" hata moja kinywani. Bi Ulimi alimwekea boksi lenye picha ya meza iliyojaa sahani, watu wameizunguka wanacheka.

"Haya, bibiye. Hii nini?"

"Kalamu."

"Ka-ra-mu."

"Ka-la-mu," alisema Chiriku kwa juhudi, akafungua. Zikamwagika kalamu za bluu, nyeusi na nyekundu, zikaviringika mpaka chini ya kabati.

Karani wa mapokezi alichungulia. "Nilijua tu yule wangu amekuja. Nyekundu zipo? Mara ya mwisho mlinipa bluu tupu kama sare za shule."

Aliokota, akajaza mfuko wa koti, akaenda zake. Tangu Chiriku aanze kuja, kituo hakikununua kalamu.

"Mimi sitaki kalamu," alisema Chiriku.

"Karamu ndiyo huitaki, au kalamu?"

"Zote. Nataka unifundishe kusema ludi." Alivuta soksi. "Nilimpigia baba, nikamwambia baba ludi. Akacheka. Akasema ludi ndiyo nini, mbona haipo duniani? Akasema nikijua kuita vizuli, atakuja sikukuu."

Bi Ulimi aliinua kichwa. Kwenye benchi la korido, mama yake Chiriku alikuwa akishona kifungo cha koti la mtu mwingine, na sindano yake ilikuwa imesimama hewani.

Bi Ulimi akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.

"Mama Chiriku, huyu baba yuko wapi hasa?"

"Mbali, mwalimu."

"Mbali wapi?"

Mama alinyoosha sindano kuelekea daraja. Ng'ambo yake, nyumba ya kwanza, lilionekana bati la bluu na nguo za kike zimeanikwa.

"Mtoto anajua?"

"Anajua ni mbali."

"Nikimfundisha, na asipokuja?"

Mama aling'ata uzi, akautema. "Na usipomfundisha? Atazeeka anaulaumu ulimi wake. Mfundishe tu, mwalimu. Mimi sina neno."

Bi Ulimi alirudi ndani shingo upande. Alitoa chupa ya asali, akachovya kijiti, akapaka tone nyuma ya meno ya juu ya mtoto. "Ulimi uifuate. Usiilambe ukamaliza, mlafi we. Igonge tu, kama unabisha hodi. Da-da-da-da. Haraka."

Bi Ulimi naye alifundishwa hivyohivyo utotoni, ila bila asali. Baba yake alikuwa fundi wa pikipiki, na bintiye alipofika umri wa kwenda shule bado anasema "baisikeli ya lafiki," alimpandisha kwenye pikipiki isiyo na mafuta, akamwambia, "Washa." Mtoto akasema lllll. Pikipiki haikujibu. Kila jioni, baada ya kazi, baba alikuwa akikaa juu ya tairi bovu, chai mkononi, kucha nyeusi kwa grisi, akingoja. Hakumharakisha. Jioni moja ulimi ukatetema, rrrrr, na pikipiki ikawaka, ikamzungusha uani mara mbili na kuku wakakimbia. Baba alimalizia chai yake kwanza, ndipo akasema, "Sasa jifunze breki." Tangu walipomzika baba, Bi Ulimi aliisikia sauti yake hiyo kila alipofungua chupa ya asali.

Waliendelea, da-da-da, asali na kioo. Nyota za karatasi zilicheza juu ya vichwa vyao. Mkesha wa sikukuu, mchana, Bi Ulimi alimpa boksi lisilo na picha.

Chiriku alifumba macho. "Rudi," akasema.

Neno lilikuwa safi, limeviringika kama gololi. Akafungua boksi. Lilikuwa tupu.

Kisha vitu vikaanza kurudi. Mwavuli ambao karani aliusahau kwenye basi uliingia mapokezi ukiwa umelowa, ukajisimamisha pembeni. Redio ya mlinzi iliyoibwa ilirudi ikiwa katikati ya taarifa ya habari. Kwa jirani, nywele za daktari wa meno zilimrudia, ingawa kwa rangi ya ujana wake, na meno aliyowahi kung'oa yalipita koridoni mstari mmoja kama watoto wa chekechea, kila moja likimuulizia mwenyewe.

"Pisheni meno," alisema mfagiaji.

Nyuma ya meno alikuja mwanamume kijana akisukuma pikipiki. Viatu vilikuwa na udongo mwekundu wa makaburini. Alimtazama Bi Ulimi kwa muda.

"Mwanangu, umezeeka."

"Na wewe umechelewa, baba."

"Njia ndefu. Na hii haina mafuta." Aliiegemeza ukutani, akajipangusa mikono kwa kitambaa kilekile cha zamani. "Chai ipo?"

Ilikuwepo. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, akimkagua kila aliyeingia. Alimkagua na huyo mpaka kucha. "Siye," akasema, akaenda dirishani.

Darajani walipita watu wengi na mbuzi mmoja.

"Huyu anamngoja nani?" aliuliza baba yake Bi Ulimi.

"Baba yake."

"Amekufa lini?"

"Hajafa. Yuko pale, bati la bluu."

Fundi wa pikipiki alitazama bati la bluu, akatazama viatu vyake, akapuliza chai.

Mama alikuwa ameingia. Alitoa simu, akaiweka spika, akaiweka mezani katikati ya kalamu. Ililia sana kabla ya kupokewa.

"Baba," alisema Chiriku, "rudi."

Sauti ya baba yake ikajibu: "Sijasikia vizuri, mama. Mtandao mbovu."

"Rudi."

"Sema tena?"

"Rudi! Rudi, baba!" Nyota zote zilitikisika kwenye nyuzi.

"Bado sijakupata. Ulimi wako huo..." Alicheka. Nyuma yake sauti ya mtoto mwingine ikasikika, karibu kabisa, safi kama maji: "Baba, karamu tayari!" Simu ikakatika.

Kalamu moja iliviringika ikaanguka. Mama aliichukua simu, akaipangusa kioo kwa upindo wa nguo, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Njoo," fundi wa pikipiki alimwambia Chiriku. "Washa."

Akampandisha. Chiriku akasema rrrrr, na pikipiki ikawaka, ikamtembeza korido nzima, meno yakipisha. Alikuwa akicheka na kulia, na hakuna aliyejaribu kutenganisha.

Sikukuu ikaja, ikapita. Baba yake Bi Ulimi alikaa muda wote huo, akala, akazirekebisha bawaba za milango zote zilizokuwa zikilia, kisha akaondoka asubuhi bila kuaga, kama ilivyokuwa desturi yake. Nywele za daktari zilibaki. Kituo kiliishiwa kalamu, karani akaanza kuandika kwa penseli na kununa.

Kituo kilipofunguliwa tena, Bi Ulimi alimsikia Chiriku kabla hajamwona. Alikuwa getini, anapiga soga na mlinzi. "Redio yako inakoroma, babu! Irekebishe, au itarudi kwa mwizi!" Kila "r" ilikuwa mahali pake.

Mtoto akaja, akakaa kwenye kiti chake kidogo, akapachika mikono magotini.

"Habari za sikukuu, Chiriku?"

"Nzuli." Alikuwa akitazama dirishani. "Bi Ulimi, nimesahau. Ulimi umelala tena. Ndiyo maana baba hakuja."

Bi Ulimi alimtazama mama, na mama akaitazama sindano yake. Mezani lilikuwa limebaki boksi moja, karatasi imechakaa pembeni, lenye picha ya meza na watu wanaocheka.

Alifungua chupa ya asali, akachovya kijiti.

"Haya, bibiye. Hii nini?"

"Kalamu," alisema Chiriku, polepole, kwa uangalifu mkubwa.

Zikamwagika. Karani akachungulia mlangoni, akauliza kama zipo nyekundu.