Bosi Anabweka

Nyumbani walimwita Bosi, kwa sababu alikuwa na miaka miwili na hakuna mtu mzima aliyethubutu kumkatalia kitu. Baba yake alikuwa mwendesha kreni. Siku ile, saa nane na robo mchana, baba alikuwa ameketi kwenye kile kibanda cha vioo, ghorofa kumi na nane juu ya ardhi, ndoo ya zege ikining'inia kwenye ndoano, simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Kazini simu haipokewi. Lakini ilikatika ikapigwa tena, ikakatika ikapigwa tena, na mpigaji alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo. Alikuja kukaa nao wiki mbili ili amwangalie mjukuu wakati binti yake, mama Bosi, akisimamia mitihani. Binti huyo alikuwa mwalimu, na simu za walimu wanaosimamia huachwa ofisini mpaka jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba, mtoto anabweka."

"Anafanya nini?"

"Sikiliza mwenyewe."

Akasikia. Hakikuwa kikohozi alichokizoea. Kilikuwa kikavu, kizito, kama mbwa aliyefungiwa stoo. Kisha Bosi akavuta pumzi, na pumzi yenyewe ikakwaruza ikiingia, mlio mwembamba mrefu kama wa bawaba isiyotiwa mafuta. Halafu akalia, lakini sauti ilikuwa imemkauka.

"Jana yalikuwa mafua tu," mama mkwe alisema. "Nimebandika maji. Nitamfunika blanketi avute mvuke, kifua kitaachia."

Baba hakujua kama hilo lilikuwa jambo jema au baya. Akasema, "Sawa, mama." Mama mkwe utamwambia nini tena?

Redio ya mawasiliano ikakoroma masikioni. "Wewe Juu kwa Juu, umelala huko? Zege linatugandia!" Alikuwa nyapara.

"Mkubwa, mtoto wangu anashindwa kupumua. Nashuka."

Nyapara akatukana, si yeye, bali siku yenyewe. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shusha kwanza hiyo ndoo. Una watu chini yako."

Ilikuwa kweli. Akauzungusha mkono wa kreni, na ulikuwa haujawahi kwenda polepole kama siku ile. Kule chini mafundi waliivuta ndoo, wakaifungua, wakasubiri imalizike kumwaga. Mmoja wao akasimama kujifuta jasho. Baba akatamani kumpigia kelele, lakini yule fundi alikuwa na kosa gani? Alikuwa anafuta jasho lake.

Ngazi ya kreni hushukwa kwa mikono miwili. Katika jukwaa la kwanza alisimama, akampigia dada yake, muuguzi wa wodi ya watoto katika mji mwingine. Akamweleza huku akihema.

"Mvuke?" dada akamkatiza. "Mwambie aipue hiyo sufuria sasa hivi! Haimsaidii kitu, na ikimmwagikia mtakuwa na mawili. Dawa ya kifua asimpe. Asimchungulie kooni kwa kijiko. Ampakate wima, ambembeleze, asilie. Akilia koo linazidi kubana. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na anatoa ule mlio akiwa ametulia, au akilia tu?"

"Mimi niko juu ya kreni, dada."

"Basi uliza! Kama anautoa hata akiwa ametulia, na chini ya mbavu panabonyea kila akivuta pumzi, huyo si wa kukaa nyumbani. Midomo ikibadilika rangi, au akianza kutoa udenda, hata kuuliza msiulize. Hospitali."

Akampigia mama mkwe. "Mama, naomba uipue ile sufuria."

"Mimi nimelea watoto saba."

"Najua, mama. Nakuomba. Nakupigia magoti."

Hakuwa na nafasi ya kupiga magoti pale alipokuwa. Akasikia mfuniko ukianguka sakafuni, na moto ukizimwa.

"Nimeipua. Sasa?"

"Mpakate, umtulize. Kisha mfunue fulana uangalie chini ya mbavu."

Akangoja. Upepo ulikuwa unapita kwenye vyuma. Akaibana simu sikioni mpaka ikamuuma, na katikati ya upepo akausikia: ule mlio, pumzi baada ya pumzi, na mtoto halii.

"Panaingia ndani, baba," mama mkwe alisema, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, sauti yake ilitetemeka. "Panaingia mpaka mbavu nazihesabu."

"Mwite jirani. Yule fundi viatu mwenye pikipiki. Nendeni hospitali sasa hivi, nami nakuja huko."

Baada ya hapo zilibaki ngazi tu. Simu iliita mfukoni akiwa katikati ya majukwaa mawili, na hakuwa na mkono wa kuipokea. Iliita mpaka ikachoka. Alipofika jukwaani akapiga yeye. Ikaita bure. Akashuka tena, akijiambia kwamba mtu aliye kwenye pikipiki na mtoto mapajani hawezi kupokea simu. Pia akajiambia mengine, ambayo hakumsimulia mtu baadaye.

Aliwakuta kwenye chumba cha dharura. Mama mkwe alikuwa ameketi kitini, nguo za nyumbani, mguu mmoja na kiatu, mwingine peku. Bosi alikuwa mapajani mwake. Muuguzi alimshikia barakoa karibu na uso, ukungu ukitoka ndani yake.

"Si mvuke huo?" mama mkwe alikuwa anauliza.

"Huu una dawa, bibi, na haumuunguzi mtu."

Baba akanyoosha mikono kumchukua mwanawe. Muuguzi akatikisa kichwa. "Mwache hapo hapo alipotulia. Mkimhamisha atalia." Akabaki amesimama, mikono yake ya grisi ikining'inia, Bosi akimtazama juu ya ukungu kwa macho makubwa yasiyomwomba kitu.

Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, alieleza kwamba ni virusi, vile vile vya mafua, vimevimbisha njia ya hewa pale juu. "Kwako wewe yangekuwa mafua tu. Njia yake ni nyembamba kama mrija wa soda. Ikivimba kidogo tu, hewa inagombania kupita." Walikwisha kumpa dawa ya kunywa ya kupunguza uvimbe, mara moja tu. Ya ukungu huisha nguvu, kwa hiyo wangekaa kwa muda wa saa nne aangaliwe.

Polepole ule mlio ukapungua. Baba alikuwa akiusikiliza hata baada ya kuisha.

Mama Bosi alifika saa kumi na mbili, mbio, chaki kwenye mkono wa blauzi, simu mkononi ikionyesha mara kumi na moja alizopigiwa bila kupokea. Mama yake akamsimulia yote: sufuria, mbavu, fundi viatu aliyepandisha pikipiki mpaka kwenye njia ya watembea kwa miguu kukwepa foleni. Alipomaliza, mama Bosi akamgeukia mumewe. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu.

"Na wewe?"

"Nilikuwa nashuka."

Usiku wakarudi nyumbani, wakiwa wameambiwa kikohozi huenda kikarudi, na dalili gani ziwarudishe hospitali. Kikarudi kweli, mara mbili, kubweka kwa chini chini. Watu wazima watatu wakakaa kitandani kumzunguka, mmoja amempakata, hakuna aliyefanya kitu kingine.

Usiku wa nne Bosi hakukohoa kabisa. Baba yake ndiye aliyeamka kila mara kumwekea kiganja kifuani.

"Mwache alale," mkewe akasema gizani.

"Simwamshi."

"Basi lala na wewe."

Akajilaza, macho kodo.