Unga Uliotiwa Mate

Jumamosi ile, mwaka mmoja baada ya vita vya Hitila kwisha, Marta alifunua beseni la unga, akatia vidole. Asubuhi mkwewe Nanyori alikuwa amekanda donge zuri, linavutika bila kukatika, akatia hamira ya dukani kwa Hatibu kule Ngarenaro, akalifunika na kuliweka juani liumuke. Sasa jua liko utosini na donge halipo. Mna kitu kama uji wa mgonjwa, kinang'aa, kinachuruzika vidoleni.

Na mkate huo haukuwa wa kula nyumbani. Ulikuwa wa malimbuko, wa kupelekwa kanisani kesho yake. Ephraimu, mwana wa pekee wa Marta, alikuwa amefanya kazi miaka mitatu kwenye mashamba ya ngano ya Wazungu upande wa Monduli, akarudi na debe moja la mbegu, akalipanda kule juu migomba inakokoma. Wengine huleta kanisani ndizi, kahawa, kuku. Ngano hakuna aliyepata kuileta. Tena ilikuwa desturi ya nyumba ile kwamba malimbuko ya kwanza baada ya harusi yaandaliwe na mke mpya, ili usharika uuone mkono wake. Mke mpya mwenyewe hakuwa Mmeru. Alitoka kwa Waarusha, na macho ya watu yalikuwa juu yake tangu siku alipoingia.

Marta akasimama pale na vidole vinavyonata, akiwaza. Mwanamke aliyelea watoto anajua jambo moja: kijiko kikitoka kinywani mwa mtoto kikarudi bakulini, uji ule haukai, unageuka maji. Kinacholegeza uji ni mate. Hapo akaikumbuka siku ya harusi, jinsi baba yake Nanyori alivyomtemea bintiye mate ya baraka kifuani, kama ilivyo kwao, na wanawake wa Kimeru wakatazamana.

"Nanyori," akasema, "umetia mate kwenye unga wa Bwana?"

Kwa bahati mbaya jirani yake Elizabeth alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani, analeta sufuria ya kuokea. Alisimama, akalitazama beseni, akamtazama binti. Akaiweka sufuria chini polepole, akaaga kwamba ameacha maharage motoni. Elizabeth hakuwa na maharage motoni.

Nanyori hakulia. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha nguo zake, akakiweka mlangoni. Kisha akamwambia mama mkwe wake, kwa sauti ndogo, "Mama, sisi tunamtemea mtu tunayempenda. Chakula hatukitemei. Unga umebaki nusu. Nifunge mdomo, nikande sehemu yake mbele ya macho yako. Nikirudi kwa baba nirudi safi."

Marta akamfunga. Alichukua kitambaa cha kichwani, akakaza, akapiga fundo mara mbili. Binti akakanda kimya, jasho linamtiririka, na donge likatoka zuri kama la kwanza. Marta akavuta kigoda akalilinda. Hakuinuka hata kuku walipoingia jikoni. Kila mara aliligusa, na kila mara lilimrudishia kidole. Ilipofika saa tisa akaligusa tena, kidole kikazama mpaka kifundo.

Alibaki hivyo, kidole kimo ndani ya unga, hawezi kukitoa. Mbele yake ameketi mtu mwenye mdomo uliofungwa, na unga umeyeyuka.

Akaingia ndani kwenye debe, akachota ngano iliyobaki, akaimwaga kwenye ungo. Macho yake yalikuwa ya kuona mbali zaidi ya karibu, ikabidi ainyooshe mikono. Punje nyingi zilikuwa na doa jeupe, na katikati ya doa kitundu cheusi, kidogo kama alama ya sindano. Akazitenga. Akatafuna kwanza konzi ya punje safi: zikashikana mdomoni zikawa kama ulimbo. Akatafuna zenye doa: zikalegea, zikashuka kooni kama uji.

Ndipo alipokumbuka. Ngano ilipokuwa bado ina maziwa, punje hazijakomaa, Nanyori alitoka shambani na kunguni wa mimea, wa kahawia, kiganjani, mnene, ananuka. Akasema wako wengi, wanadunga masuke, tuwaokote. Na yeye Marta alicheka, akasema mdudu asiye na meno atakula nini, waache, njoo tupalilie migomba.

Kumbe mdudu yule alikuwa ametema. Ameinyonya punje, akaondoka zake, pengine kafa zamani, na mate yake yamebaki ndani ya punje iliyokauka, iliyosagwa, yakingoja maji tu.

Marta akarudi nje, akapiga magoti, akahangaika na fundo alilolifunga mwenyewe. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Kilipotoka, mashavu ya binti yalikuwa na mistari.

"Nilikuambia, mama," Nanyori akasema. "Kwenye maziwa ya ngano nilikuambia."

Marta akainuka. Alivaa kanga akashuka kwa Elizabeth, akamkuta na wanawake wawili wengine, nao wakanyamaza alivyoingia. Aliwaeleza yote, punje, doa, kunguni. Elizabeth akauliza, "Mama Ephraimu, kwa hiyo mate yamo au hayamo?"

"Yamo," Marta akasema. "Aliyetema ni mdudu. Aliyemwachia shamba ni mimi, na kesho nitayasema hayo kanisani kabla ya mnada wa malimbuko."

Aliporudi, kifurushi kilikuwa bado mlangoni hakijafunguliwa. Lakini moto ulikuwa unawaka. Nanyori alikuwa akikanda unga uliosalia kidogo kidogo na kuuchoma papo hapo, chapati moja baada ya nyingine, bila kuupa nafasi ya kulala ukalegea. Marta akaketi kando yake, akaanza kusukuma.