Waliorudisha Magugu Ziwani

Magugumaji yalikuwa yameufunga mwalo wa wavuvi kwa msimu wa tatu, na mitumbwi ilikauka mchangani bila kazi. Malori ya barafu yaliyotoka viwanda vya samaki vya Nyakato kununua sangara yalishahamia mialo mingine. Tumaini lilikuwa moja tu, mbawakawa wa Evelina.

Evelina Kashindye, mtafiti kutoka Mwanza mjini, aliwalea wadudu hao kwenye mapipa. Ukubwa wao ni wa punje ya mtama, na hawali kingine ila magugu hayo. Aliwaachia ndani ya kizimba cha miti kilichojaa magugu, ghubani, ili wazaliane. Wavuvi walicheka hadi wakashika mbavu. Ziwa lote hili liokolewe na vidudu?

Siku moja mwaka 1998 alituma salamu kwamba anamleta mkubwa wake wa kazi aone kizimba. Mzee Ngosha, mwenyekiti wa mwalo, akafanya linalofanywa na kila mwenye kaya mgeni anapokuja, akafagia. Aliita watu, wakaingia majini, wakang'oa magugu yote ya kizimbani. Evelina alipofika alikuta maji matupu, na lundo juu ya mchanga.

Alimkimbilia mzee. "Shikamoo baba. Wadudu wako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Wadudu gani tena? Mgeni haonyeshwi uchafu."

Evelina akamweleza bila kuficha. Wamo kwenye lundo, watoto wao wamo ndani ya mashina, na jua likiwakausha hakuna wengine. Mzee alipasua shina moja kwa ukucha. Buu jeupe likajikunja kiganjani mwake.

"Kumbe kanakula kwa ndani," alisema polepole.

Alivua viatu, akakumbatia gugu, akaingia nalo majini na kulilaza taratibu. Watu walimshangaa, kisha wakamfuata, hata mkubwa wa Evelina akakunja suruali. Magugu waliyoyalaani misimu mitatu waliyabeba kwa mikono miwili, wakichunga mizizi isikatike. Chuoni Evelina hakufundishwa kwamba binadamu anaweza kuamini namna hii.

Haikuwa kazi ya siku moja. Majani yalitoboka, yakageuka kahawia, yakaanza kuzama. Asubuhi moja ya mwaka uliofuata upepo uliyapasua yaliyobaki, na Evelina akasikia mawimbi yakipiga mawe ya mwalo, sauti iliyokuwa imepotea. Maji yalikuwa wazi hadi upeo wa macho. Kazi yote ile ilifanywa na vinywa visivyoonekana. Woga mtamu ulimshika, akatamani kupiga magoti, wala hakuona haya.

Mzee Ngosha alisimama kando yake, machozi yakimtoka.

"Sasa wale wadudu watakula nini?" aliuliza.

"Wengi watakufa, baba."

Mzee aliwatazama vijana waliokuwa wakifyeka mabaki ya magugu kwa mapanga.

"Hiyo kona iacheni," aliwaambia. "Wenzetu wanaishi humo."