Kasha Lililotupwa Wadini

Gari lilizimika katikati ya wadi, bonde la mto wa msimu, kilomita chache kabla ya kufika Al Kamil. Shukriya alikuwa kiti cha nyuma, amepakata kasha la bati. Kilichomtia hofu kwanza si maji, kwani maji yenyewe yalikuwa ya vifundoni tu. Kilikuwa ni uso wa Ami Himid. Dereva huyo, mzee wa Unguja aliyehamia Omani zamani, hakuwa mtu wa kubabaika. Sasa alikuwa akitazama milima, kulikofunga wingu jeusi, na midomo yake inasoma dua.

"Mvua iko huko juu," alisema. "Sisi hapa tutaletewa maji tu. Natutoke upesi."

Ilikuwa mwaka 1997. Shukriya alizaliwa Bujumbura, akasoma kwa Kifaransa. Kiingereza alikipata baada ya kuja Ibra, neno moja moja, kutoka kwenye kamusi. Kampuni ya kupima visima ilikuwa imemwajiri miezi miwili nyuma awe karani wa Martin, mhandisi Mwingereza. Tangu siku hiyo aliishi na hofu moja: ataambiwa jambo asilielewe, wamgundue, wamfukuze. Kwa hiyo kila alichoambiwa aliitikia ndiyo.

Martin na Ami Himid walishuka wakasukuma. Gari halikutikisika. Maji yakapanda, yakageuka rangi ya chai ya maziwa, yakaanza kuleta vijiti. Martin akainua uso uliomwiva, akapiga kelele:

"Shukriya, pitch in!"

*Pitch*. Kutupa. Neno hilo alilijua, hata ukurasa wake aliukumbuka. Tupa ndani! Gari zito, maji yanakuja, bila shaka anataka lipunguzwe mzigo. Akafungua mlango, akalitupa kasha majini.

Kasha lilikuwa na vipimo vya visima vya mwaka mzima, vilivyoandikwa kwa mkono.

Martin alibaki mdomo wazi. Alipotaka kulifuata, Ami Himid alimkamata ukosi wa shati. "Liache! Sikiliza!"

Ulisikika mngurumo, kama malori mengi yanapita juu ya changarawe. Ami Himid akamvuta Shukriya mkono, wakakimbia. Maji yalimfika magotini, abaya ikamzonga miguu, kiatu kimoja kikaenda. Walikuwa ndiyo kwanza wamedandia ukingo pale ukuta wa maji ulipopita chini yao na magogo yake. Gari likalala ubavu, likachukuliwa.

"Ami, nimefanya nini?" Shukriya alilia. "Si aliniambia nitupe?"

Ami Himid alimfasiria Martin. Martin akakaa juu ya jiwe, akafunika uso, mabega yanamtikisika. Shukriya alidhani analia, kumbe ni kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Kisha akaeleza taratibu, Ami Himid akifasiri. Maana ya *pitch in* ni saidia, fanya kazi na wenzio. Babu yake Martin alikuwa mkulima. Msimu wa kukata majani ya ng'ombe, kijiji kizima kilishika uma ndefu za mti, wakiyarusha majani juu ya mkokoteni kabla hayajanyeshewa. Wapo wasemao neno limetoka huko, lakini hakuna mwenye hakika.

"Basi kutupa kumo," Ami Himid alisema. "Na sisi twasema tia mkono. Mgeni si angeuliza, niutie wapi?"

Shukriya hakuweza kucheka.

"Nitaandika kuwa kasha lilikwenda na gari," Martin alisema. "Lingekwenda tu."

Kesho yake, ofisini Ibra, Shukriya alimtangulia. Aliandika: *Kasha nililitupa mimi. Sikuelewa neno, nikaogopa kuuliza.* Meneja, Bwana Khattab, aliisoma karatasi mara mbili.

"Maneno mangapi mengine umeyaitikia hukuyaelewa?"

Shukriya akajibu: "Mengi."

Bwana Khattab aliikunja karatasi. Kisha akamwambia visima vyote vitapimwa upya, kuanzia Bidiya, na yeye atakwenda na Martin mpaka cha mwisho.

Kazi hiyo ilichukua miezi minne. Kila walipofika kwenye wadi, hata ikiwa kavu kabisa, Shukriya aliomba gari lisimame. Aliteremka, akaitazama milima, akavuka kwa miguu mbio mbio, na Ami Himid akamfuata nyuma na gari.