Waliopona Ndio Wauguze

Mwaka 1957 homa ya mafua iliingia Makambako pamoja na vibarua waliosafiri kwa malori. Jumbe Festo akakumbuka utaratibu wa zamani wa ndui: aliyeugua akapona ndiye auguze wenzake, maana haimrudii. Basi akawatoa majumbani wote waliopona homa ile ya mafua iliyoua watu vita ya Wajerumani ilipoisha. Tabea, mke wa Yoeli na mama wa Ida, alikuwa mmoja wao. Aliuguza kwenye kambi ya wagonjwa siku sita. Siku ya tisa wakamzika.

Jumbe mwenyewe hakupiga hata chafya. Wakubwa ndivyo walivyo. Amri yao hutangulia, wao hubaki nyuma.

Mwezi uliofuata likaja gari la watafiti kutoka Njombe, kuchukua damu za wazee. Yoeli akakaa kwenye benchi, mikono ndani ya koti.

"Kamwene, baba," akamsalimu Sila, dresa wa kutoa damu. "Pandisha mkono wa shati."

"Ya nini? Tabea haihitaji tena."

Sila hakukasirika. "Ukiugua, baba, mwili hutengeneza walinzi ndani ya damu. Hukitambua kijidudu kwa ganda lake la nje. Cha mafua kimerudi na ganda jingine, walinzi wa zamani wanakitazama kinapita tu. Cha ndui hakibadiliki hivyo. Wataalamu wanapima kama damu ya wazee ina walinzi wa ganda hili jipya."

"Kwa hiyo amri ya jumbe ilikuwa bure."

"Kwa ndui ilifaa. Kwa mafua, hapana."

Jumbe alikuwa amesimama mlangoni. "Mzee Yoeli, watu wanangoja. Toa damu."

"Nitatoa. Kadi hiyo ina mahali pa wafu wa nyumba?"

"Papo," Sila akajibu.

"Andika Tabea. Alipona homa ya kwanza, akatumwa na jumbe Festo kuuguza. Andika kwa Kiswahili, kisha soma wote wasikie."

Sila akaandika, akasoma.

"Si umalizie?" jumbe akasema. "Asubuhi ile mkeo aligoma kutoka. Nani alimwambia, nenda mama Ida, wewe ulishaugua, hutapata? Nani alimbebea blanketi mpaka kambini?"

Yoeli akaikodolea macho ile kadi. Neno aliloweza kulisoma pale lilikuwa moja, Tabea. Akavua koti, akapandisha shati, akanyoosha mkono.

"Andika na hilo," akamwambia Sila. "Chini ya amri ya jumbe."